Namba ya lebo siyo kiuno chako: ya kwangu baada ya miaka 19 ya kupima wanawake

FundiWaTemeke

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi huu nimeuanza mara tatu nikauacha. Leo naumaliza, maana kilichotokea kibandani kwangu wiki mbili zilizopita bado kinanikosesha usingizi.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, na mwaka huu natimiza miaka 19 kwenye cherehani. Kazi zangu kubwa ni magauni ya sendofu, sare za harusi na vitenge. Alikuja binti mmoja na gauni la sendofu alilolinunua mtandaoni. Lebo inasema M, na yeye tangu chuo anajijua ni M. Gauni lilipofika, zipu iligoma katikati ya mgongo. Badala ya kuniletea siku hiyohiyo, akalitundika kabatini na kuanza kujinyima. Wiki tano. Asubuhi chai ya rangi, mchana nusu parachichi, usiku maji ya limau. Zilipobaki siku nne ndipo akaja kwangu, anataka nimsogezee zipu kidogo tu.

Nikamsimamisha nianze kupima, nikaona mikono inamtetemeka. Kabla futi haijafika nyonga, akaanguka. Mimi na mwenzangu tulimdaka, tukamlaza chini juu ya vitambaa vya watu, tukamtafutia juisi. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Fundi, ni ngapi?" Alikuwa anauliza kiuno.

Alipoondoka niliugeuza ule mshono nikaupima. Kiuno cha lile gauni ni inchi 26. Kwa maduka mengi ya Uingereza hiyo ni saizi 8, nguo ya mtu mwembamba kabisa. Aliyebandika M alikuwa na jedwali lake mwenyewe. Binti wa watu ana kiuno cha 30, mwili mzuri, afya yake ilikuwa nzuri mpaka alipoanza kushindana na kipande cha lebo.

(Kwa watakaouliza: sendofu ilifanyika. Pembeni gauni halikuwa na akiba ya kitambaa hata nusu inchi, kwa hiyo nilitoa zipu, nikashona vitanzi pande zote mbili za mgongo, nikapitisha kamba ya satini na kuweka kipande cha kitambaa ndani yake. Watu walidhani ndiyo mtindo wenyewe. Niliifanya kazi hiyo kwa sharti moja, kwamba ale.)

Sasa hizi saizi zimetoka wapi? Mwalimu aliyenifundisha ushonaji alitusimulia jambo ambalo sijalisahau. Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja sehemu 59 za mwili. Waliosimamia ni Ruth O'Brien na William Shelton. Shida ilikuwa ya kibiashara: nguo zilizoagizwa kwa posta zilirudishwa kwa wingi kwa sababu hazikai. Lakini vipimo vya wanawake wasio weupe havikuingizwa kwenye hesabu. Hata dada zetu weusi waliozaliwa hukohuko waliachwa nje. Jedwali rasmi la saizi lilitoka mwaka 1958, likarekebishwa 1970, na 1983 likafutwa. Toka hapo kila kampuni inajipangia yake.

Na walivyojipangia ndiyo hivi. Saizi 8 ya lile jedwali la 1958 ilikuwa na kiuno cha inchi 23 na nusu. Kufikia 2008, saizi 8 hiyohiyo ya Marekani ilikuwa imeongezeka kati ya inchi 5 na 6. Wenye maduka walishaona kwamba mwanamke akivaa nguo yenye namba ndogo anafurahi, na akifurahi ananunua. Wakaacha kitambaa kipanuke na namba ibaki palepale.

Chukua mzigo huo uulete soko la Karume. Kwenye meza moja ya mitumba utakuta gauni la Uingereza limeandikwa 12, la Marekani 8, la Ujerumani 38, la Ufaransa 40 na la Italia 44, na yote matano yanaweza kumtosha mtu mmoja. Pembeni yake kuna blauzi ya China imeandikwa XL na mtu huyohuyo haimpiti kifuani. Halafu unarudi nyumbani unajiangalia kwenye kioo unasema umenenepa. Umenenepa saa ngapi, kati ya meza hii na ile?

Kuhusu kiuno chenyewe. Wateja wangu wengi hawajui kiuno chao kiko wapi, na simlaumu mtu, kwa sababu suruali za siku hizi zinakaa chini sana. Simama wima, inama upande mmoja kama unaokota ndoo. Panapojikunja ndipo kilipo kiuno cha fundi. Kwa wengi ni juu ya kitovu kidogo. Zungusha uzi hapo, uache ujitafutie sehemu yake nyembamba, pumua kawaida, ndipo upime. Usivute tumbo ndani. Ukinivutia tumbo nakushonea gauni la mtu asiyepumua. Kitenge hakivutiki, lazima nikuachie walau inchi moja ya nafasi, la sivyo ukikaa mezani siku ya harusi mshono unafumuka.

Na kiuno hakilali na namba moja. Asubuhi na jioni ni tofauti. Ukiwa karibu na siku zako kinaongezeka. Ukila ugali na maharage ukaja moja kwa moja, nitaliona. Nimempima mwanamke mmoja Jumatatu na Ijumaa nikapata tofauti ya inchi nzima, na hakuwa amefanya chochote.

Mafundi wenzangu, nanyi nina neno kwenu. Acheni kutangaza. Mtu amesimama katikati ya kibanda, wateja sita wamekaa, unampigia kelele kijana wa kuandika: "Kiuno arobaini!" Nimeona wanawake wazima wakitoka na machozi, hawarudi tena kushona, wanaishia kununua chochote kinachovutika. Mimi naandika mwenyewe kwenye daftari na kulifunga.

Karibuni tujadili.

MrembowaTandika

Dada fundi, umeandika kama vile unanijua. Nina miaka 22. Nina suruali ya jinzi imeandikwa 30, kuifunga mpaka nilale kitandani nivute pumzi. Nikiivua tumbo lina alama nyekundu mpaka usiku. Nilikuwa naiona ni yangu kwa sababu kidato cha sita nilivaa 30. Kaka zangu nyumbani wananiita bonge, wanasema wanatania. Sijawahi kupima kiuno kwa futi, naogopa.

BibiMagomeni

Wajukuu zangu hamjambo. Ananiandikia mjukuu, mimi nasema.

Enzi zetu futi ilikuwa ya fundi peke yake. Sisi tulikuwa na shanga. Mwali akitolewa alikuwa ana shanga zake kiunoni, na ule uzi haukuwa na lastiki. Ukinenepa zinapanda juu na kubana, ukikonda zinateleza nyongani. Unajua mwenyewe chumbani kwako, hakuna wa kukutangazia. Zikibana unazifungua, unaongeza shanga kumi, maisha yanaendelea. Hakuna mtu aliyejinyima chakula ili shanga zimtoshe, uzi ndio uliorefushwa.

Na ukijifungua, mama yako anakufunga mkaja, kile kitambaa cha tumbo, anakukanda kwa maji ya moto siku arobaini. Ndiyo maana kwenye mahari pana fungu la mkaja analopewa mama mzaa binti. Wakwe wanakuja kulipia kiuno kilichombeba binti wanayemwoa. Leo hicho kiuno kikibaki kipana mnakionea haya?

Nyie mnalalamika tukiwaambia "kula, umekonda". Nawaambieni kwa nini tunasema. Miaka ya themanini nilikuwa Bukoba na marehemu mume wangu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, mwaka 1983. Upande wa Uganda ugonjwa waliuita slim, maana mtu alikuwa anakonda mpaka anakwisha. Toka hapo mwanamke akipungua kidogo mtaa mzima unanong'ona. Nimezika wadogo zangu wawili. Nikikuona umekonda moyo wangu unakimbilia kule.

Halafu miaka kumi na moja baadaye, 1994, mashindano ya urembo yakarudi na televisheni ikaja Bara, na waliopigiwa makofi jukwaani ni wembamba. Mabinti zangu wakaanza kuficha chakula chini ya sahani. Mimi sikuelewa tumefikaje hapo.

UkweliMchungu

Samahani wakubwa, ila nyuzi za kufarijiana kama hizi zinawaponza watu. Mjini vitambi vya wanawake vimezidi. Kisukari kimejaa, presha imejaa. Mama yangu mzazi amekatwa mguu kwa kisukari mwaka jana, nasema kwa uchungu. Mtu akiwa na kiuno cha 40 aambiwe ukweli akapunguze, siyo aambiwe lebo ndiyo mbaya.

FundiWaTemeke

@UkweliMchungu pole sana kaka yangu, Mungu amtie nguvu mama. Sijasema popote kwamba watu wasiangalie afya zao. Nimesema binti mwenye kiuno cha 30 alishinda na njaa wiki tano kwa sababu ya herufi M. Hayo ni mambo mawili. Ila la afya siyo fani yangu, kama kuna mtu wa hospitali humu naomba atusaidie.

NesiWaKliniki

Nipo dada. Nahudumu kliniki ya kisukari.

Kiuno cha fundi na kiuno cha kliniki vinapimwa sehemu tofauti kwa kazi tofauti. Fundi anatafuta panapopungua ili gauni likae. Sisi tunapapasa mbavu ya mwisho, tunapapasa mfupa wa juu wa nyonga, tunapima katikati ya hapo, futi ikiwa sambamba na sakafu, mtu akishatoa pumzi ya kawaida. Kwa mwanamke mwenye tumbo la mbele, namba yangu inaweza kuwa kubwa kuliko ya fundi. Msichukue ya kwenye daftari la fundi mkaja nayo kliniki. Na wajawazito hatuwapimi hivi.

Shirika la Afya Duniani linaweka hivi: mwanamke akizidi sentimita 80, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kuongezeka, akizidi 88 inaongezeka sana. Mwanaume ni 94 na 102. Kaka @UkweliMchungu, kwa kuwa kisukari kipo kwenye familia yenu, jipime nawe wiki hii. Kuna kipimo kingine chepesi ambacho Uingereza wamekuwa wakikishauri tangu 2022: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Ukiwa na sentimita 160, kiuno kisifike 80. Chukua kamba ya urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Ncha zikipishana, vizuri. Zisipokutana, njoo tuzungumze na tukupime sukari na presha.

Tunachohofia ni mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo. Mikanda ya kubana tumbo inayouzwa mtandaoni haiyafikii. Inasukuma nyama tu, na ukiivua zinarudi. Kujinyima chakula wiki tano kwa ajili ya sherehe nako hakumponyi mtu. Mwili unapoteza misuli na maji, halafu sherehe ikiisha kilo zinarudi.

La mwisho kutoka kwangu. Nina wagonjwa waliokaa mwaka, miaka miwili, bila kukanyaga kliniki yoyote. Nikiwauliza kwa nini, wengi wana hadithi ya mtu aliyewahi kuwacheka kwenye mizani. Wakija wanakuja na vidonda. Kwa hiyo kumwambia mtu ukweli ni sawa, lakini angalia unamwambia wapi na mbele ya nani.

UkweliMchungu

Nimekuelewa nesi. Mama naye alikuwa anakwepa mizani. Sikuwahi kumwuliza sababu.

BabaWaMmoja

Dada fundi, nina swali na nina aibu kidogo. Mke wangu amejifungua, mtoto ana miezi minne. Mwezi uliopita nilimwambia, "Hili tumbo bado halijarudi?" Sikusema kwa ubaya. Toka siku hiyo anashinda na dera ndani na nje, harusi mbili za kwao hajaenda, anasema hana nguo. Nataka nimshonee gauni la kitenge iwe zawadi. Nitajuaje vipimo bila kumwuliza?

FundiWaTemeke

@BabaWaMmoja kwanza zungumza na mkeo umwombe radhi, gauni lije baada ya hapo. Usilifanye gauni ndiyo liombe radhi kwa niaba yako.

Sasa kazi. Chukua nguo anayoivaa wiki hii na anatulia nayo. Usiende kuchimbua nyuma ya kabati ukatoa gauni la kabla ya mimba, hapo utaharibu zaidi. Itandaze kitandani, uinyooshe bila kuivuta. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili, hicho ni kifua. Shuka panapobana zaidi, zidisha mara mbili. Shuka panapopanuka zaidi, zidisha mara mbili. Pima bega kwa bega na urefu kutoka begani. Hivyo vitano vinamtosha fundi yeyote makini. Kama nguo yenyewe ni dera haitakusaidia, tafuta blauzi na sketi.

Mwambie fundi mambo matatu. Ananyonyesha, kwa hiyo gauni lifunguke mbele, zipu au vifungo. Likatwe chini ya kifua, siyo kiunoni, ili lianguke lenyewe juu ya tumbo. Na aache akiba ya inchi moja na nusu kila pembeni, kwa sababu mwili wake bado uko safarini na hakuna ajuaye utatulia wapi. Nguo yenye akiba inaachiwa au inapunguzwa kwa nusu saa. Isiyo na akiba inaishia kuwa tandiko.

WaGikomba

Salamu kutoka Nairobi. Fundi, huku soko la Gikomba kamera (mitumba ya daraja la kwanza) ikifunguliwa asubuhi hakuna mahali pa kujaribia nguo, watu wanang'ang'ania tu. Tulifundishwa kipimo cha shingo: unafunga suruali, unakunja kiuno chake kiwe bapa, unakizungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma itakutosha. Mimi imenisaidia miaka mingi, lakini tangu nizae mtoto wa pili inanidanganya kila mara. Nilidhani ni shingo yangu imekonda!

FundiWaTemeke

@WaGikomba karibu dada. Kile kipimo kinategemea shingo kuwa karibu nusu ya kiuno. Kwa wasichana wengi inakaribia. Ukishazaa kiuno kinabadilika na shingo inabaki ilipokuwa, ndiyo maana inakudanganya. Shingo yako haina tatizo, mpenzi.

Fanya hivi: kata uzi mnene, uzungushe kiunoni, funga fundo. Endelea na uzi huohuo, zungusha nyonga pale panapojaa zaidi, funga fundo la pili. Ukunje uweke kwenye pochi. Sokoni kila kipimo unakikunja katikati na kukinyoosha juu ya nguo iliyolala, umemaliza, hata lebo huitazami. Kwenye jinzi angalia nyonga kwanza. Kiuno kikizidi fundi atakipunguza nyuma kwa bei ndogo, lakini nyonga ikibana hakuna fundi wa kuongeza kitambaa cha jinzi pasionekane.

@BibiMagomeni shikamoo. Nimesoma habari ya shanga kwa sauti hapa kibandani, mashine zote zikasimama. Kuanzia kesho wateja wanaoogopa futi nitawapima kwa uzi, kisha nipime uzi wenyewe wakiwa wameshakaa.

@MrembowaTandika wewe mdogo wangu, jinzi inayoacha alama mpaka usiku ivue leo. Ukiogopa kujipima peke yako njoo, sikulipishi, na daftari nalifunga.

BibiMagomeni

Marahaba mwanangu. Na hao kaka zake Mrembo waambiwe waache.

MrembowaTandika

Nimerudi na majibu. Nilienda kwa dada fundi Alhamisi. Alinipima kwa uzi mlango ukiwa umerudishwa. Kiuno 33, nyonga 43. Nilitegemea nitalia, ila nilipoiona imeandikwa kwa kalamu kwenye mstari wa daftari, kati ya wanawake wengine wengi, ilikuwa namba kama zao. Juu yangu kuna mwenye 29, chini yangu 41.

Nesi, nilipima na ile ya katikati ya mbavu na mfupa, nimepata sentimita 85.

NesiWaKliniki

85 iko kati ya 80 na 88. Usiogope na usijinyime. Kapime presha na sukari kituo cha karibu upate pa kuanzia, punguza soda na chipsi, tembea. Uje unipe majibu faragha.

MrembowaTandika

Sawa dada, Jumatatu naenda.

Jana nilienda Karume na uzi wangu wenye mafundo mawili. Nilipata jinzi ya Uingereza imeandikwa 16. Zamani ningeirudisha nikiona tu hiyo namba. Uzi ulilala sawasawa juu, chini urefu umezidi kama inchi tatu. Nimeivaa leo kanisani, nimekaa ibada nzima bila kufungua kifungo. Mdogo wangu wa kike ameniuliza nimeinunua wapi, na sasa anataka na yeye afungiwe uzi.

FundiWaTemeke

Leteni hiyo jinzi nikunje pindo, na huyo mdogo uje naye. Lebo ya 16 usiikate. Iache ili uione kila ukiivaa.